Kanuni iliyouawa na saa 23

Tarehe 8 Julai 2025, zikiwa zimebaki siku sita tu kabla ya kanuni kuanza kuwabana wafanyabiashara, majaji watatu wa Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Nane nchini Marekani waliifuta yote, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Wazo lake halikuhitaji wakili kulielewa: mteja wa huduma ya kulipia kila mwezi awe na njia ya kujitoa iliyo rahisi kama ile aliyoitumia kujiunga. Ulijiunga mtandaoni, ujitoe mtandaoni. Usilazimishwe kupiga simu, kusikilizishwa muziki wa kusubiri, kisha kubembelezwa na kijana anayelipwa mshahara ili akuzuie usiondoke.

Majaji hawakulikataa wazo hilo. Waliandika wazi kwamba hawaungi mkono hila na ulaghai katika biashara za namna hii. Kilichoiangusha kanuni ni waraka mmoja ambao Tume ya Shirikisho ya Biashara, ile inayojulikana kwa herufi zake FTC, haikuutoa kwa wakati.

Lawama zikaenda kwa mahakama na kwa vyama vya wafanyabiashara vilivyofungua kesi. Bunge halikutajwa sana, kwa kuwa halikupitisha azimio lolote la kuipinga kanuni hiyo. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Kanuni hii iliuawa na Bunge, ila ni Bunge la mwaka 1980, kwa mtego uliotegwa na watu ambao wengi wao wameshastaafu au kufariki. Ukitaka kujua chombo cha kutunga sheria kinavyosimamia kanuni za kumlinda mlaji, usiangalie kura za mwaka huu peke yake. Angalia na masharti yaliyoachwa mlangoni na waliotangulia.

Ukimya wa nani?

Kwanza tuelewane kuhusu biashara yenyewe. Muuzaji anakuhesabu kuwa umekubali mpaka utakapotamka kwamba umekataa. Jaribio la bure la siku saba linalogeuka makato ya kila mwezi ni mtoto wa mtindo huo. Usajili wa mwaka mzima unaojihuisha wenyewe usiku wa manane ni mtoto mwingine. Babu yao ni vilabu vya vitabu na santuri: unaletewa kadi kwa posta kwamba mwezi huu kuna santuri fulani, usiporudisha kadi kusema hapana, santuri inakuja, na ankara yake pembeni. Kanuni ya kwanza ya FTC kuhusu jambo hili, ya mwaka 1973, iliandikwa kwa ajili ya vilabu vya aina hiyo.

Pwani tunalijua suala la ukimya kuhesabiwa ridhaa. Mwari anapoulizwa kama anakubali kuozwa, akainamisha kichwa na kunyamaza, wazee hulichukua hilo kuwa ndiyo. Lakini angalau ameulizwa. Mimi niliwahi kukatwa salio kila asubuhi kwa ajili ya ujumbe wa nyota ambao sikumbuki kuuomba. Kampuni siitaji. Kujiunga, niliambiwa, kulihitaji kubonyeza tarakimu moja. Kujitoa kukanihitaji kwenda kupanga foleni dukani kwao na kitambulisho mkononi. Nani alinioza, sijui mpaka leo.

Ulaini wa mlango wa kuingilia na ugumu wa mlango wa kutokea si bahati mbaya. FTC ilipoishtaki Amazon mwezi Juni 2023 kuhusu huduma ya Prime, hati ya mashtaka ilieleza kwamba ndani ya kampuni, utaratibu wa kujitoa ulipewa jina la Iliad, utenzi wa Kigiriki wa vita vya Troya unaokwenda maelfu ya mishororo. Mteja alitakiwa kupita kurasa nne, mibofyo sita na machaguo kumi na tano. Aliyebuni jina hilo alikuwa na ucheshi, na alijua hasa alichokuwa anakijenga.

Seneti yafungua daftari

Usimamizi wa Bunge una sura nyingi, na iliyofanya kazi vizuri zaidi katika habari hii ni ile ya uchunguzi. Mwaka 2009 Kamati ya Biashara ya Seneti, chini ya mwenyekiti wake Jay Rockefeller wa West Virginia, ilizichunguza kampuni tatu: Affinion, Vertrue na Webloyalty. Hila ilikuwa hivi. Mtu ananunua maua au tiketi kwenye tovuti anayoiamini. Akimaliza kulipa, linajitokeza tangazo la kurudishiwa dola kumi. Anaandika baruapepe yake, anabofya. Hajaandika namba ya kadi mahali popote, kwa hiyo hana wasiwasi. Asichokijua ni kwamba tovuti aliyoiamini imeshaipasisha kadi yake kwa kampuni ya pili, na baada ya mwezi mmoja wa bure anaanza kukatwa. Kamati iliomba nyaraka za ndani, ikahesabu, ikakuta wateja walikuwa wametozwa zaidi ya dola bilioni 1.4.

Hapo hapakuwa na ubishi wa vyama. Tarehe 29 Desemba 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kurejesha imani ya wanunuzi wa mtandaoni, inayofupishwa ROSCA. Ilikataza kupasisha kadi kwa mlango wa nyuma, ikaweka masharti matatu kwa kila anayemtoza mtu kwa msingi wa ukimya mtandaoni: eleza masharti waziwazi kabla ya kuchukua namba ya kadi, pata ridhaa ya wazi, na weka njia rahisi ya kusimamisha makato.

"Njia rahisi." Basi. Sheria haikusema rahisi kwa kipimo gani. Simu ya dakika ishirini ni rahisi? Barua ya posta je? Kila mwanasheria wa kampuni alikuwa na jibu lake, na FTC ililazimika kwenda kesi moja baada ya nyingine kubishana juu ya neno hilo moja. Kanuni iliyokufa Julai 2025 ilitaka kulipa neno hilo maana: rahisi ni kama ulivyoingia, tena kwa njia ileile uliyoingilia.

Yaya wa taifa

Sasa turudi nyuma, maana bila sehemu hii hukumu ya 2025 inaonekana kama uonevu wa makarani.

Miaka ya sabini FTC ilikuwa na nguvu na ari. Sheria ya mwaka 1975 iliipa mamlaka ya wazi ya kutunga kanuni dhidi ya hila za kibiashara kwa nchi nzima. Mwaka 1978 ikapendekeza kuwekea mipaka matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto, hasa ya vyakula vya sukari. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Gazeti la Washington Post, ambalo si rafiki wa kila mfanyabiashara, liliandika tahariri ikiifananisha tume hiyo na yaya wa taifa zima. Jina likaganda. Tarehe 1 Mei 1980, katikati ya ugomvi na Bunge, fedha za tume ziliisha na milango ikafungwa. Ilikuwa kwa siku moja tu, lakini ujumbe ulifika.

Mwezi huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuirekebisha FTC, na sheria hiyo ilikuwa na meno mawili. Jino la kwanza lilionekana na kila mtu: kura ya turufu ya Bunge. Tume ikitunga kanuni, mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, yangeweza kuifuta kwa kura zao wenyewe, bila kupeleka kitu kwa Rais. Jino la pili lilikuwa la kikaratasi, katika kifungu cha 22: kila mara FTC inapopendekeza kanuni ambayo athari yake kwa uchumi inaweza kufika dola milioni 100 kwa mwaka, itoe kwanza tathmini ya awali. Ieleze kwa nini kanuni inahitajika, njia gani nyingine zingewezekana, na kila njia ina faida na hasara gani. Wananchi wasome, watoe maoni, ndipo kanuni iandikwe.

Jino la kwanza liling'ata upesi. Mwaka 1981 FTC ilimaliza kanuni ya magari yaliyotumika: muuzaji abandike karatasi kwenye dirisha la gari, akitaja kasoro kubwa anazozijua. Kasoro anazozijua tu, jamani. Hakutakiwa hata kutafuta nyingine. Wauza magari wa Marekani walikuwa na chama chenye uwezo na wanachama katika kila jimbo la uchaguzi, na kila mbunge alikuwa anamfahamu mmoja wao kwa jina. Mei 1982 Seneti iliifuta kanuni hiyo kwa kura 69 dhidi ya 27, na Baraza la Wawakilishi kwa 286 dhidi ya 133. Aliyewahi kununua gari la mkononi pale bandarini akaja kugundua injini imefumuliwa na kufungwa upya atajua walichonyimwa walaji wale.

Kilichoivunja nguvu hiyo hakikutoka kwa walaji, kilitoka kwa mzaliwa wa Kenya.

Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya kwa wazazi wa Kihindi, akawa na pasipoti ya Uingereza. Alikwenda Marekani mwaka 1966 kusoma. Viza yake ilipoisha mwaka 1972 alijikuta hana pa kwenda: Kenya iliyokuwa huru haikumhesabu kuwa raia wake, na Uingereza nayo ilikuwa inawasogeza pembeni watu wa hali yake. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki wa kizazi hicho wanaikumbuka karaha ya pasipoti zile. Mwaka 1974 hakimu wa uhamiaji alimwonea huruma, akasimamisha amri ya kumfukuza. Lakini sheria ya uhamiaji nayo ilikuwa na kura ya turufu ya Bunge, na Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi liliwachambua watu 340 waliosamehewa, likawachomoa sita, Chadha akiwemo, na kuamuru waondolewe. Hakukuwa na mjadala wa maana, wala baraza la pili halikuulizwa, wala Rais hakutia saini.

Chadha akaenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 23 Juni 1983 majaji saba kwa wawili waliamua kwamba Bunge haliwezi kubadili haki za mtu kwa njia ya mkato namna hiyo. Likitaka kuamua jambo lenye nguvu ya sheria, lipitishe sheria: mabaraza yote mawili, kisha meza ya Rais. Wiki mbili baadaye, tarehe 6 Julai, mahakama hiyohiyo ilitumia msimamo huo kuizika kura ya turufu dhidi ya FTC, ile ya magari. Hata hivyo mnunuzi wa gari hakufaidika. FTC iliyoiandika upya kanuni yake mwaka 1984 ilikuwa imeshajifunza woga, na karatasi ya dirishani ikatoka bila sharti la kutaja kasoro zinazojulikana.

Kwa hiyo jino moja liling'olewa. La pili, lile la kifungu cha 22, hakuna aliyelishughulikia. Lilikaa kimya miaka 40 na zaidi, maana FTC kwa muda mrefu iliogopa hata kujaribu kutunga kanuni kubwa kwa njia hiyo ndefu.

Siku 60 za kusubiri

Mwaka 1996 Bunge lilipata chombo kipya kilichokaa ndani ya mipaka ya kesi ya Chadha. Kila wizara au tume inayotunga kanuni lazima iipeleke katika mabaraza yote mawili na kwa Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, GAO, ambayo kwa msomaji wa Tanzania au Kenya tunaweza kuifananisha na ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, tofauti ikiwa kwamba hii ni mkono wa Bunge moja kwa moja. Kanuni ikiwa kubwa, kipimo kikiwa tena dola milioni 100, haiwezi kuanza kabla ya siku 60, na GAO ina siku 15 za kuzipelekea kamati husika ripoti.

Ripoti hizo ni fupi na kavu. Zinahakiki hatua: tume imefanya hesabu ya gharama na faida? Imefikiria wafanyabiashara wadogo? Ilitoa tangazo na kupokea maoni? GAO haisemi kanuni ni nzuri au mbaya. Inawaambia wabunge, "Hatua hizi zilifuatwa, kaeni muamue."

Kuamua kwenyewe kuna njia ya haraka. Azimio la pamoja la kuipinga kanuni linapita Seneti kwa wingi wa kawaida, bila ule ujanja wa kuchelewesha kura kwa hotuba zisizoisha. Rais akitia saini, kanuni imekufa, na tume haiwezi kuirudisha ikiwa katika sura inayofanana nayo mpaka sheria mpya iruhusu. Ni adhabu nzito, na kwa kawaida inakuja pale utawala unapobadilika, kwa sababu Rais hatii saini kifo cha kanuni ya watu wake mwenyewe. Toka 1996 hadi mwisho wa 2024 kanuni 20 tu zilifutwa kwa njia hiyo, na zote zilianguka baada ya Ikulu kubadilisha chama.

Kanuni ya kujitoa ilikaa kwenye dirisha hilohilo. FTC, chini ya mwenyekiti Lina Khan, iliitangaza tarehe 16 Oktoba 2024 kwa kura tatu dhidi ya mbili, makamishna wawili wa Republican wakipinga. Ilichapishwa kwenye gazeti la serikali tarehe 15 Novemba, siku kumi baada ya Donald Trump kushinda uchaguzi. Ukihesabu siku 60 kuanzia hapo unafika tarehe 14 Januari 2025, na ndiyo tarehe iliyoandikwa ianze kutumika. Masharti mazito zaidi yalipewa siku 180, yaani hadi 14 Mei. Kila mtu aliyekuwa anafuatilia alijua Bunge jipya, lenye wingi wa Republican katika mabaraza yote mawili, lilikuwa na nafasi ya kuifuta.

Halikuifuta. Na si kwamba lilikuwa limelala. Katika majira hayohayo lilifuta kanuni nyingine ya walaji, ile iliyotaka benki kubwa zipunguze ada ya mteja anayetoa fedha kuliko salio lake hadi dola tano. Seneti iliipinga kwa kura 52 dhidi ya 48, Wawakilishi kwa 217 dhidi ya 211, na Trump akatia saini tarehe 9 Mei 2025. Siku hiyohiyo FTC, ambayo sasa ilikuwa na makamishna wa Republican peke yao, ilisogeza tarehe ya kanuni ya kujitoa kutoka 14 Mei hadi 14 Julai. Kusogeza si kufuta. Andrew Ferguson, mmoja wa wawili waliopiga kura ya kuikataa Oktoba, sasa ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na wanasheria wake walikwenda mahakamani kuitetea.

Kwa nini ada za benki zikashambuliwa na makato ya usajili yakaachwa? Hili ni la kwangu: ada ya benki inamgusa mtu anayeishi mshahara hadi mshahara, na mtu huyo hana wa kumpigia simu mbunge. Makato ya usajili yanamgusa mbunge mwenyewe, mke wake na katibu wake. Kila mmoja wao ana huduma moja asiyoikumbuka inayomla polepole.

Saa 23

Basi kanuni ikavuka Bunge salama, ikakwenda kujikwaa mahakamani. Kesi zilifunguliwa katika mizunguko kadhaa ya rufani, na moja ikachaguliwa kwa bahati nasibu, ndivyo sheria yao inavyotaka. Walalamikaji walikuwa pamoja na vyama vya kampuni za televisheni za kebo na matangazo ya mtandaoni. Walikuwa na hoja nyingi. Majaji walihitaji moja.

FTC ilipotangaza pendekezo lake Machi 2023 ilisema athari ya kanuni haitafika dola milioni 100 kwa mwaka, kwa hiyo haina haja ya tathmini ya awali ya kifungu cha 22. Maoni zaidi ya 16,000 yakamiminika. Mwezi Januari 2024 ukafanyika usikilizwaji, na ofisa aliyeuongoza akaulizwa swali la hesabu: gharama itafika milioni 100 au haitafika?

Hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu. FTC yenyewe ilikadiria kuwa biashara 106,000 zilikuwa zinatumia usajili wa namna hii. Gawanya milioni 100 kwa idadi hiyo, unapata kama dola 943 kwa kila biashara. Sasa chukua mtaalamu wa bei ya chini kabisa, wa kuipitia tovuti, kurekebisha kurasa za malipo na kuandika upya masharti. Ofisa alikuta kwamba isipokuwa kila biashara itatumia chini ya saa 23 za mtaalamu wa bei hiyo, kizingiti kimevukwa. Siku tatu za kazi, kwa kampuni ya kebo yenye mamilioni ya wateja? Haiwezekani, na ofisa akasema hivyo.

Hapo FTC ilikuwa na njia panda. Ingeweza kurudi nyuma, kuandika tathmini ya awali, kuitangaza na kupokea maoni upya. Hiyo ni miezi mingi, na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Ikachagua kusonga mbele na kuweka uchambuzi wa mwisho ndani ya kanuni iliyokamilika. Ilikubali kwamba milioni 100 imevukwa, ikatoa hesabu, ila baada ya mlango wa maoni kufungwa.

Majaji walisema hesabu ya mwisho haiwezi kuziba pengo la ile ya awali. Tathmini ya awali ipo ili wanaoguswa waone njia mbadala na kuzijadili wakati bado kuna kitu cha kujadili. Walalamikaji walinyimwa nafasi hiyo. Mahakama ingeweza kufuta sehemu na kuacha sehemu. Ikafuta yote, ikihofia kwamba vinginevyo tume siku za mbele ingejizoesha kuweka makadirio madogo ili kuikwepa hatua hiyo.

Naona uchungu kuiandika sentensi hii, kwa sababu kanuni nilikuwa naipenda: majaji walisoma sheria kama ilivyoandikwa. Wabunge wa 1980 walitaka hasa jambo hilo litokee. Walijua kura ya turufu inahitaji hasira ya siku, na hasira hupoa. Sharti la waraka halipoi. Linamsubiri mtu mwenye haraka.

Msomaji wa Nairobi ataitambua hali hii upesi. Kenya ina sheria ya mwaka 2013 inayosimamia kanuni za mawaziri: kanuni ipelekwe bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo inakosa nguvu yenyewe, bila mbunge hata mmoja kunyoosha mkono. Kanuni inayoelekea kuleta gharama kubwa inahitaji taarifa ya athari zake. Tanzania ina Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo, inayokaa kulinganisha kanuni na sheria mama. Anayetaka kuiangusha kanuni ya kuwabana wanaotukata salio kwa huduma tusizoziomba hatasimama jukwaani kusema anatetea makato. Atatafuta tarehe iliyopita au tangazo lililosahaulika.

Kilichobaki mezani

Hukumu haikuiacha Marekani bila kitu. ROSCA ipo, pamoja na "njia rahisi" yake isiyo na kipimo, na bado inauma: Septemba 2025 Amazon, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya Prime. Bilioni 1 ni adhabu, na bilioni 1.5 ni marejesho kwa wateja wanaokadiriwa kuwa milioni 35. Huo ni mzigo mkubwa kuliko saa 23 za mtaalamu. Majimbo nayo yana sheria zao. California, iliyoanza mwaka 2010, ilikaza yake kwa marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, wiki moja kabla ya hukumu. Kampuni inayouza nchi nzima haina hamu ya kutengeneza mlango mmoja kwa Los Angeles na mwingine kwa Columbus au Minneapolis, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, kwa hiyo wapo wanaofaidika na sheria ya jimbo wasilolijua.

Kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anayelipia huduma ya Kimarekani kwa kadi ya simu, dawa ya mtaani ni kuiacha kadi bila salio. Makato yanagonga, yanarudi mikono mitupu. Inafanya kazi, ingawa mkataba wenyewe unakuwa haujavunjwa, na siku ukiweka fedha kwa jambo jingine unaweza kukuta mgeni amefika kabla yako.

Bungeni Washington, wabunge wamewasilisha miswada ya kuliingiza wazo la kujitoa kwa urahisi ndani ya sheria yenyewe. Njia hiyo ina unafuu mmoja: kifungu cha 22 kinaifunga FTC, hakilifungi Bunge. Sheria haihitaji tathmini ya awali, wala hakuna ofisa wa kuuliza saa ngapi. Inahitaji kura katika mabaraza mawili na saini moja, kama ilivyopatikana mwaka 2010. Hukumu ya Julai iliirudisha FTC kwenye kanuni yake ya mwaka 1973, ile ya kadi za posta na santuri.